Asidi ya Betri

Rukaya Swalihu alipata kazi kwa Dakta Gaudence kwa sababu ya unywele mmoja.

Alikuwa amemaliza shahada ya fizikia Dar es Salaam na kurudi kwao, Barabara ya Saba, Dodoma mjini. Baba yake alikuwa amefariki, na mama yake, Bi Adija, ndiye aliyebaki na duka la vitambaa. Kwa zaidi ya mwaka Rukaya alisimama nyuma ya meza ya duka akikata vitenge, huku maombi yake ya kazi yakirudi bila majibu ya maana. Ndiyo miaka ile mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa moja baada ya jingine, na watu wenye vyeti vyao walikuwa wanatolewa makazini, siyo kuingizwa. Kisha mteja mmoja akamwambia kuna msomi wa Mlali amerudi kutoka Sweden, amekodi ghala lililokuwa la shirika la mazao nyuma ya stesheni ya reli, na anatafuta mtu mwenye mikono.

"Mikono?" aliuliza Bi Adija.

"Ndivyo alivyosema, mama. Hakutaja elimu. Mikono."

Dakta Gaudence alikuwa mtu mwembamba, mtoto wa katekista, aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi hata ndani ya vumbi la Agosti. Hakuangalia vyeti vya Rukaya. Alimweka mbele ya hadubini, akampa kibano, akamwambia auchukue unywele uliokuwa juu ya kioo na kuulaza sawasawa juu ya mstari mwembamba uliochorwa pale. Rukaya alifanya hivyo. Akamwambia arudie. Akamwambia arudie tena, na tena, mpaka shingo ikawa inamuuma na jasho linamdondoka puani. Mwishowe Dakta akainama, akatazama, akanyanyuka.

"Njoo kesho," alisema. "Ukichelewa, usihangaike kuingia."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Huko Sweden, Dakta alikuwa amechonga nyaya za silikoni juu ya vipande vidogo kuliko ukucha. Nyaya hizo hazionekani kwa macho. Unywele ukiupasua mara elfu ndipo unaukaribia waya mmoja. Alitaka kuzitumia kutengeneza transista ya elektroni moja. Transista ya kawaida, ile iliyomo ndani ya redio, hupitisha elektroni kwa mafuriko. Hii ingepitisha moja, ikangoja, ndipo ipitishe nyingine. Waya ukikonda vya kutosha, sehemu ndogo katikati yake huwa kama chumba chenye kiti kimoja: elektroni ikishakaa, nyingine haiingii mpaka ile ya kwanza itoke. Lakini kabla hajafika hapo, profesa wake alimpa kijana mwingine kazi hiyo na kumwambia yeye arudi Afrika akafundishe. Akarudi na vipande vyake ndani ya kopo, na kinyongo ambacho hakikumtoka.

Kwa hiyo pale ghalani walikuwa wanazikondesha. Kipande kinaingizwa kwenye tanuru, ngozi ya nje ya waya inageuka kioo. Kisha kinachovywa kwenye asidi inayokula kioo na kuacha silikoni. Waya unatoka umekonda kidogo. Tanuru tena, asidi tena. Ukizidisha, unakatika. Ukipunguza, haufanyi lolote. Walikuwa wameziba pembe moja ya ghala kwa nailoni nzito kuzuia vumbi, na kabla ya kuingia walijifuta kwa kitambaa kibichi kama watu wanaoingia chumba cha mgonjwa.

Walikuwa watatu. Wa tatu alikuwa Marko, fundi umeme aliyepunguzwa kazi kwenye karakana ya reli, mtu mnene, mpole, mwenye watoto wengi. Marko ndiye aliyetunza tanuru na jenereta, na ndiye aliyekwenda na pikapu kwenye kituo cha mifugo kuchukua nitrojeni ya kimiminika, ile ile inayogandishia mbegu za madume ya ng'ombe, kwa sababu transista ile haikuweza kupimwa ila kwenye baridi kali.

Dakta aliwatesa wote wawili, kila mmoja kwa namna yake. Hakumwita Marko kwa jina, alimwita "Reli". Siku moja Marko aliomba ruhusa ampeleke mama yake hospitali, maana alikuwa anatapika damu.

"Wewe ni tabibu?" Dakta alimuuliza.

"Hapana, Dakta."

"Basi ukienda naye utamsaidia nini?"

Marko akarudi kwenye tanuru lake. Mama yake alipelekwa na majirani, akapona, lakini Marko hakuligusa jambo hilo tena.

Rukaya aliteswa kwa kusimamishwa. Waya ukifa, na nyaya zilikufa kwa urahisi kuliko vifaranga, Dakta alimwambia asimame katikati ya chumba aeleze kosa lake. Akieleza vibaya, anaeleza upya. Mara nyingine kosa halikuwa lake. Umeme ulikuwa umekatika. Alisimama vilevile. Siku moja alimwambia kwamba mtu mwenye akili ya kuuza vitambaa ataona kila kitu kama kitambaa. Rukaya alilia njia nzima kurudi nyumbani, na asubuhi akawahi.

Alikuwa anawahi kwa sababu ya siku nyingine. Siku hiyo alikuwa ameunganisha nyuzi za dhahabu kwenye kipande bila kuharibu hata waya mmoja, na Dakta, akiwa bado ameinamia hadubini, alisema taratibu kama anajisemea mwenyewe, "Sweden nzima hakuna mwenye mikono hii." Rukaya aliishi kwa sentensi hiyo miezi mingi. Hata alipokuwa anaosha vyombo kwao, alikuwa anaitazama mikono yake.

Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa kiangazi, ikaja habari kwamba wageni wa chuo kimoja cha ng'ambo watapita Dodoma. Dakta alikuwa ameandikiana nao. Wakiona transista inafanya kazi, wangeingia ushirikiano naye: mashine, nafasi za masomo, jina lake mbele. Wakikuta ghala lenye watu watatu na kopo la vipande vilivyokufa, wangekunywa soda na kuondoka.

Kilikuwa kimebaki kipande kimoja, chenye waya mmoja mzima. Walipoupima ulionyesha dalili, mkondo ukisitasita kama mtu anayetaka kusema jambo, lakini bado ulikuwa mnene. Ulihitaji kuchovywa mara moja zaidi.

"Leo," Dakta alisema.

Rukaya alifungua kabati la vifaa. Zile glavu nzito zilikuwa zimepasuka, na mpya hazikuwa zimefika kutoka Dar. Zilikuwepo glavu za mpira za kuoshea vyombo tu, za rangi ya waridi, alizonunua Marko sokoni kwa ajili ya usafi.

"Dakta, hizi si za asidi ile."

Wote walijua asidi ile. Jina lake haidrofloriki. Siku ya kwanza kabisa Dakta alikuwa amewaeleza, na hapo, lazima isemwe, alieleza vizuri: haiunguzi kama moto, inapenya ngozi kimyakimya na kuitafuta kalsiamu mpaka kwenye mfupa, na dawa yake ni kalsiamu yenyewe, ipakwe au idungwe upesi. Alikuwa na tyubu ya jeli yake. Tyubu hiyo ilikauka kwenye droo, akasema ataagiza nyingine.

"Imechanganywa na maji," Dakta alisema. "Ni dhaifu."

"Tusubiri glavu. Marko anaweza kupiga simu Dar."

"Wageni wanakuja Alhamisi. Wewe unataka niwaonyeshe glavu?" Alimkazia macho. "Kama unaogopa, sema unaogopa. Nitaandika barua Mlimani, wataniletea wavulana kumi wanaolala njaa kwa ajili ya kazi hii."

Marko alikuwa kando ya tanuru. Rukaya alimtazama, naye akaangalia saa ya tanuru kana kwamba kuna kitu pale.

Rukaya akavaa glavu za waridi.

Alikifanya kile kitendo vizuri kuliko siku zote. Alikishika kipande kwa kibano cha plastiki, akakizamisha, akahesabu kimoyomoyo, akakitoa, akakisuuza kwenye maji safi, chombo baada ya chombo. Hakutetemeka. Dakta alisimama nyuma yake pumzi zake zikimgonga shingoni. Hakuna aliyeona kwamba glavu ya mkono wa kulia ilikuwa na tundu kwenye ncha, dogo kama la sindano, na kwamba unyevu uliokuwa umetuama ndani yake kwenye vidole viwili haukuwa jasho. Hakusikia maumivu yoyote. Alivua glavu, akanawa, akaenda nyumbani akala wali na mchicha.

Maumivu yalianza alfajiri, wakati anatawadha. Kwanza kama amebanwa na mlango. Kisha kama kuna kitu ndani ya kidole kinachotaka kutoka. Ngozi juu yake ilikuwa nyeupe tu, haina lengelenge wala jeraha, na ndiyo maana Bi Adija hakuelewa kwa nini mwanawe anagonga mkono ukutani.

"Mwanangu, kuna nini? Umeng'atwa na nge?"

"Ni asidi, mama. Nipeleke kwa Dakta. Yeye anaijua."

Walimkuta ghalani, ameinama juu ya chombo cha nitrojeni. Aliposikia mlango hakugeuka.

"Kipande ulikisuuza mara ngapi?" aliuliza.

"Dakta, mkono wangu."

Aligeuka. Alivitazama vidole, na Marko aliyekuwa pembeni aliona uso wake ukibadilika, kwa hiyo Dakta alijua. Alijua mara moja. Alichukua funguo za pikapu, akamkabidhi Marko, wakaondoka wote wanne, Rukaya na mama yake mbele, Dakta nyuma ya pikapu, amekalia kaptula ya mafundi iliyokuwa pale.

Hospitalini Rukaya aliketi kwenye benchi akiwa ameegemea bega la mama yake, mkono ameuinua, jasho linamtoka. Dakta akamwambia, "Kaa hapo, nitazungumza nao mimi." Akaingia chumba cha daktari wa zamu pamoja na Marko, aliyembebea koti. Hawakukaa sana humo. Alipotoka alisema, "Nimewaeleza kila kitu." Rukaya akamshukuru. Kwa mdomo wake, mbele ya mama yake, alimwambia, "Asante, Dakta."

Walimwosha mkono kwa maji mengi, wakampaka dawa ya kuungua, wakamfunga bandeji, wakampa vidonge na kumlaza. Dakta na Marko walirudi ghalani.

Ule usiku Rukaya aliuma shuka. Vidonge havikufua dafu. Muuguzi alimwambia apunguze kelele, kuna wagonjwa wenye maumivu ya kweli.

Siku ya pili jioni Dakta alikuja wodini. Hakuwa na chungwa wala soda. Alikuwa na karatasi ndefu ya mchoro, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kutolala. Bi Adija alimpisha kwenye stuli akidhani amekuja kumwona mgonjwa.

"Tazama," alisema, akaitandaza karatasi juu ya kifua cha Rukaya.

Rukaya alitazama. Mstari ulipanda, ukakaa, ukashuka hadi chini kabisa, ukapanda tena, kilele baada ya kilele, kwa nafasi zilizolingana. Kila kilele kilikuwa elektroni moja kuingia kwenye chumba chake. Alivielewa kabla hajaambiwa. Na pale, akiwa na mkono unaoungua kutoka ndani ya mfupa, Rukaya alicheka. Machozi yakamtoka na alikuwa anacheka.

"Imekubali," alisema.

"Imekubali," Dakta alisema, naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. Kisha akaikunja karatasi yake kwa uangalifu na kuondoka, na hakuuliza habari ya mkono.

Kesho yake alirudi kazini daktari mwingine, mama wa makamo aliyeitwa Evarista, aliyekuwa ziarani vijijini. Alipita wodini akaifungua bandeji ya Rukaya. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimegeuka rangi ya risasi, na kwenye ncha vilikuwa vyeusi. Daktari Evarista alivishika, akavinusa, akakunja uso.

"Nani kasema hii ni asidi ya betri?"

"Asidi ya betri?" Rukaya alisema.

"Ndivyo ilivyosemwa hapa. Umemwagikiwa na maji ya betri ya gari. Betri haifanyi hivi, binti yangu. Betri ingekuchoma pale pale juu ya ngozi. Ulishika nini?"

"Haidrofloriki. Dakta Gaudence aliwaambia. Alisema amewaeleza."

Daktari Evarista alibaki ameushika ule mkono. Halafu aliuweka chini polepole, akatoka wodini, akivuka ua karibu ya kukimbia. Aliporudi alikuwa na vichupa vidogo vya kioo mkononi. Alianza kuvunja vichwa vyake na kujaza sindano.

"Ni nini hicho?" Bi Adija aliuliza.

"Kalsiamu."

"Imetoka Dar?"

"Imetoka wodi ya wazazi, mama. Tunayo siku zote. Mama mjamzito akipata kifafa, tukimpa dawa ikamzidi, tunamrudisha kwa hii." Alikuwa anadunga kuzunguka vidole. "Ilikuwa hapo ng'ambo ya ua. Tangu siku ile mlipofika ilikuwa hapo."

Sindano zile ziliokoa kidole gumba na cha pete, na kiganja. Maumivu yalipungua kwa mara ya kwanza tangu alfajiri ile. Lakini vidole viwili vilikuwa vimekwisha, na asubuhi iliyofuata vilikatwa.

"Kidole cha shahada," Bi Adija alikuwa akisema nje ya chumba cha upasuaji, akienda na kurudi. "Ya Rabi, hata kidole cha shahada."

Marko alikuja peke yake, na papai kwenye mfuko. Rukaya hakumpa nafasi ya kusalimia.

"Kaka Marko, ulikuwa naye mle ndani. Alisema nini?"

Marko alikaa. Alilizungusha lile papai mikononi.

"Yule kijana wa zamu aliuliza ni asidi gani. Dakta akasema ya betri. Akasema ulikuwa unajaza betri ya jenereta. Tulipotoka nikamwuliza kwenye gari. Akaniambia akiitaja ile nyingine wataita mkaguzi, chumba kitafungwa, na wageni wanakuja. Akasema ni dhaifu, itapoa yenyewe."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nina watoto, dada Rukaya."

"Na mimi nilikuwa na vidole."

Marko akaliweka papai juu ya kabati, akaondoka.

Wageni walichelewa, wakafika wiki moja baadaye. Dakta alituma neno kwa Bi Adija: transista imeanza kusumbua, haijibu vizuri, na Rukaya peke yake ndiye anayejua namna ya kuzirekebisha volti zake. Aje, hata kwa saa moja.

Bi Adija alimtukana yule mjumbe matusi ambayo mtaa mzima ulisikia. Lakini Rukaya alikuwa ameshasimama anatafuta viatu.

"Unakwenda?" mama yake alimuuliza. "Kwa yule? Unakwenda kumfanyia kazi?"

"Sijawahi kuiona ikitembea, mama. Niliiona kwenye karatasi tu. Ni mimi niliyeitengeneza."

Bi Adija alimtazama kana kwamba ni mtoto wa mtu mwingine. Kisha alimfunga mtandio vizuri, kwa kuwa Rukaya hakuweza bado kufunga kwa mkono mmoja, akamwacha aende.

Kabla wageni hawajaingia, Rukaya alibaki na Dakta kwenye kile chumba cha nailoni.

"Uliwaambia ni betri," alisema.

Dakta hakukana. "Ningewaambia ukweli, wangefunga hapa siku ile ile. Kazi yako yote ingekwisha. Yako, siyo yangu tu." Alikuwa anasogeza nyaya za mashine ya kupimia, hamtazami. "Niulize swali la haki. Kama ningekuuliza pale kwenye benchi, chumba au vidole, ungejibu nini?"

"Hukuniuliza."

"Nakuuliza sasa."

Rukaya alitaka kusema vidole. Alifungua mdomo asikie mwenyewe jibu lake, na halikutoka upesi kama lilivyotakiwa kutoka. Dakta aliona. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyepata jawabu alilolitarajia, na hilo Rukaya alilichukia kuliko vidole vyenyewe.

Wageni walikuwa watatu, wakiongozwa na profesa mmoja mwanamke, mrefu, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Rukaya alikaa kwenye mashine. Kwa mkono wa kushoto, polepole, alizungusha vitufe mpaka akaupata waya pale unapotaka. Mkondo ukaanza kupanda na kushuka. Elektroni moja, kisha moja. Profesa alivaa miwani yake, akainama, akatulia hivyo kwa muda mrefu, na aliposimama alimpa Dakta mkono na kuushika kwa mikono yake yote miwili.

Rukaya akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kawaida, "Nina jambo."

Akawaeleza. Glavu, tundu, hospitali, betri, vichupa vya ng'ambo ya ua. Hakulia na hakuongeza chumvi. Marko alikuwa mlangoni ameinamisha kichwa. Alipomaliza, profesa alimgeukia Dakta.

"Ni kweli?"

"Ni kweli," Dakta alisema. "Na mlichokiona kwenye mashine nacho ni kweli."

Wageni walitoka nje, wakasimama kando ya reli wakizungumza. Upepo ulikuwa unazipeperusha karatasi zao. Rukaya aliwaona kupitia mlango wazi, aliona mmoja anatikisa kichwa, mwingine anaangalia saa. Waliporudi, profesa alisema kwamba wamesikitika mno, kwamba ni jambo la kutisha, na kwamba katika makubaliano yao wataweka masharti makali ya usalama. Makubaliano yatakuwepo. Dakta Gaudence atahamia kwao kwa muda, na kipande kitakwenda naye.

Halafu profesa alimsogelea Rukaya na kushusha sauti. Kwao, alisema, wanafunzi wapya hawaamini wanapoambiwa kuhusu asidi ile. Hawavai glavu. Picha ya mkono wake ingewasaidia sana. Jina lake halingetajwa, asiwe na wasiwasi. Kamera ilikuwa tayari mkononi mwake.

Rukaya alimtazama yule mama. Hakuona ubaya wowote usoni mwake, alikuwa anaomba kwa moyo mweupe kabisa.

"Sawa," alimjibu kwa Kiingereza. "Lakini Dakta aushike. Na uso wake uonekane."

"Hapana," alisema Dakta kwa Kiswahili.

"Basi hakuna picha."

Profesa hakuwa ameelewa yale maneno, lakini alielewa msimamo, na alikuwa mtu aliyezoea kupata anachokihitaji. Akamwambia Dakta kwa upole kwamba ni jambo dogo. Marafiki wapya hawaanzi kwa kukataliana. Dakta alibaki amesimama, shati lake jeupe limeloa mgongoni. Halafu alikuja.

Rukaya alifungua bandeji mwenyewe, kwa meno na mkono wa kushoto, mzunguko baada ya mzunguko, hakumruhusu mtu amsaidie. Nyuzi za kushonea zilikuwa bado zimo. Pale palipokuwa na vidole viwili pamebaki vifundo vyekundu vilivyovimba, vinavyong'aa. Akamnyooshea.

Dakta alikuwa hajauona. Tangu siku ile ya pikapu hakuwahi kuuona. Aliushika chini kwenye kifundo cha mkono kwa ncha za vidole vyake, na mikono yake, iliyomfundisha Rukaya kushika unywele, ilikuwa inatetemeka.

"Inauma?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndiyo."

"Tafadhali, usitikisike," profesa alimwambia Dakta, akapiga picha. Haikutoka vizuri. Akapiga nyingine, na nyingine, mpaka alipopata mkono uliotulia.

Dakta Gaudence aliondoka kabla ya mvua. Habari za waya wake zilichapishwa huko, wenye majina ni yeye na profesa. Ghala likakodishwa kwa muuza matairi ya mitumba. Rukaya alikataa kwenda mahakamani ingawa Daktari Evarista alisema atatoa ushahidi. Alisema hataki kusimama tena mbele ya watu akieleza kosa. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto nyuma ya meza ya duka, akaomba kazi ya ualimu, na akapelekwa sekondari moja ya Kondoa, karibu na Kolo, kufundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne. Wanafunzi walimpenda kiasi na kumwogopa zaidi.

Marko alimfuata huko siku moja ya likizo. Alikuwa amekonda. Alikuwa na kazi ya kutengeneza televisheni Kibaigwa, na alikuwa amepanda basi na kushuka na kupanda jingine ili afike. Rukaya alimkaribisha kibarazani, akamtengenezea chai, akamkatia mkate. Marko alieleza habari za watoto wake, mmoja mmoja. Kisha akaweka kikombe chini.

"Dada Rukaya, sikuja kwa ajili ya chai. Tangu siku ile silali vizuri. Nilipaswa kusema. Neno moja tu, pale pale, mbele ya yule kijana. Nimekuja uniambie umenisamehe."

Rukaya alikuwa anafukuza nzi juu ya mkate kwa mkono wake wenye vidole vitatu. Alilifikiria jambo hilo kwa makini, kama mtu aliyeombwa kitu na anatazama kwanza kama anacho.

"Sikuchukii, Marko," alisema mwishowe. "Lakini hilo unalolitaka sina."

Marko alingoja. Aliona kwamba hakuna lingine linalokuja.

"Kunywa chai yako," Rukaya alisema. "Basi la mwisho la mjini huwa halichelewi."